Makali Kwanza: Namna ya Kumchagulia Zawadi Mpenda Useremala

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa hapa Mombasa mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha wapenda useremala pamoja na jamaa zao. Imeandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na jamaa mliofuatana na mafundi wetu leo, assalaam aleikum, na kwa nyote hamjambo.

Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa kila Ramadhani inapokaribia kwisha na kila Desemba inapoingia. Huulizwa na wake, waume, watoto na mashangazi wa watu walioketi humu: "Huyu mtu wetu akitoka kazini hana habari na mtu, yuko na mbao zake tu. Sasa tumnunulie nini?"

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, na nitawaeleza sababu. Mtu anayefanya useremala kwa mapenzi hana mwalimu wa kumsimamia, hana karakana aliyoirithi, na muda wake ni saa chache za jioni na siku ya mapumziko. Chombo kibaya kikimwingia mkononi, hana wa kumwambia kwamba ubovu ni wa chombo. Atadhani mkono wake ndio usiofaa, naye ataacha kazi aliyoipenda. Nimewaona watu wengi wakiacha kwa njia hiyo, watu wenye macho mazuri na subira ya kutosha, na kila mara inaniuma.

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa fundi aliyekomaa, maneno hayo ni ya kweli kabisa. Wapo wachongaji hapa pwani ambao watakuchongea fremu ya mlango, na maua yake yote, kwa patasi iliyofuliwa kutokana na springi ya gari. Lakini je, anayejifunza naye afanyweje? Yule hajajua bado jinsi patasi kali inavyosikika inapoingia katika mti. Yeye anahitaji achaguliwe vizuri, na wachaguaji wake ni ninyi.

Nitakalolisema leo ni moja, na nitalirudia hadi likae. Chombo chema kwa mpenda useremala ni kile kinachoweza kutiwa makali, kikayashika makali hayo, na kikafaa kazi ambayo mwenyewe anaifanya. Yaliyobaki ni rangi na sanduku.

Tuanze na makali.

Kijana mmoja, karani wa huko bandarini, alipewa na kaka zake sanduku kubwa la vifaa. Lilikuwa zuri la kupendeza, lina tabaka tatu, na kila kitu kimo: bisibisi za kila namna, koleo, nyundo, patasi sita zenye mipini ya manjano. Kijana huyu alitaka kumchongea mama yake marufaa ya kuwekea msahafu. Mnaijua kazi ya marufaa. Hutoka katika ubao mmoja, usio na gundi wala msumari, na mbawa zake mbili hufungana kwa vifundo vinavyokatwa humo humo ndani ya unene wa ubao. Kazi yote iko kwenye vile vifundo, na vifundo vyote viko kwenye ncha ya patasi.

Alichukua kipande cha mvule, akapiga mistari yake sawasawa, akaanza. Baada ya mapigo machache, makali ya patasi yalikuwa yamejikunja. Akainoa kwa lile jiwe la kijivu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, jiwe jema kwa panga na jembe, akaendelea, na ikajikunja tena. Mahali palipotakiwa kukatwa, mti ukapondeka. Alipotuletea ule ubao, ukutani mwa vifundo palikuwa na manyoya kama mahali palipotafunwa.

Je, alihitaji sanduku lingine? Hakuhitaji. Alihitaji patasi moja ya chuma kigumu, upana wa nusu inchi, na kitu cha kuinolea. Tulimpa kipande cha kioo kinene kutoka kwa mkata vioo, na karatasi za msasa wa maji za namba 400, 1000 na 2000. Karatasi hulowekwa, ikalazwa juu ya kioo, nayo hushika yenyewe kwa maji. Kwanza husawazishwa mgongo wa patasi hadi ung'ae karibu na ncha, kwa sababu makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na mgongo ukiwa na mikwaruzo makali nayo yatakuwa na mikwaruzo. Kisha hunolewa mteremko wake kwa pembe ya digrii 25, na ncha yenyewe huinuliwa kidogo hadi digrii 30 ili isivunjike upesi katika mti mgumu. Unaendelea hadi upitishapo kidole polepole upande wa mgongo uhisi kijichuma chembamba kilichojikunja kwenda upande ule. Hicho ndicho dalili kwamba umefika kwenye ncha. Unahamia namba laini zaidi, unakiondoa, na unamalizia kwa kuiburuta patasi kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi.

Kipimo chake ni kimoja. Shika kipande cha mbao laini, kama sipresi, ukikate kwenye kichwa chake, pale nyuzi zinapoishia. Patasi butu huzing'oa nyuzi zikaacha vishimo vyeupe. Patasi kali huacha uso unaong'aa kama uliopakwa mafuta. Kijana yule alipoona uso ule kwa mara ya kwanza alinyamaza, akakata tena, na tena. Marufaa aliimaliza, na mama yake anaisomea.

Kwa hiyo nawaambia, mama zangu na ndugu zangu: kama hamjui cha kununua, nunueni makali. Kama mfuko ni mdogo, kioo na msasa wa maji vinatosha kabisa. Kama mfuko unaruhusu, nunueni jiwe la maji lenye pande mbili, namba 1000 upande mmoja na namba 6000 upande wa pili, au bamba la almasi, ambalo halitoboki wala haliingii bonde katikati kama mawe yanavyofanya. Na kama mwenyewe anapeleka vyuma vyake kwa mwenye mashine ya kusaga, mwambieni aangalie rangi. Chuma kikigeuka samawati kwenye ncha kimepata moto kupita kiasi, ugumu umekwishaondoka mahali pale, na itabidi kisagwe hadi ipite ile rangi. Dawa yake ni kopo la maji kando ya mashine na kuchovya mara kwa mara.

Sasa tuje kwenye vyombo vyenyewe. Sitavitaja vyote, maana siku haitoshi.

Patasi zinunuliwe chache. Robo inchi, nusu inchi na inchi moja zitamfikisha mtu mbali, na ni heri tatu za chuma kizuri kuliko kumi na mbili za chuma laini. Tazameni kama mgongo umenyooka. Tazameni kama mpini una pete ya chuma ya kuuzuia usipasuke unapogongwa. Msione haya kumwomba muuzaji awaruhusu kujaribu kwa tupa ndogo mahali pasipoonekana, karibu na ncha. Tupa ikiteleza juu bila kuuma, chuma kimepikwa vizuri. Ikiuma kwa urahisi, rudisheni patasi mahali pake.

Kwa msumeno, tupa hiyo hiyo inafundisha jambo jingine. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yenye ncha nyeusi-samawati. Meno hayo yamekomazwa kwa joto la ghafla, ni magumu kuliko tupa, kwa hiyo hukaa makali muda mrefu, lakini siku yakiisha hayanoleki tena na msumeno hutupwa. Kwa anayetaka msumeno wa kuishi nao, tafuteni wa meno yanayokubali tupa ya pembetatu, na mfungieni na tupa yake pamoja. Muulizeni pia muuzaji meno yake ni ya kupasua ubao kufuata nyuzi au ni ya kukata nyuzi kwa upana, kwa sababu hayo ni meno ya maumbo mawili tofauti. Ipo pia misumeno ya Kijapani, inayokata ukivuta badala ya kusukuma. Bamba lake huwa jembamba sana kwa kuwa halihitaji kustahimili msukumo, na wanaoanza hupata mstari mwembamba na ulionyooka upesi.

Skwea, kile chombo cha kupimia pembe ya mraba, huchaguliwa papo hapo dukani kwa kalamu ya risasi. Iegemezeni kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, pigeni mstari, kisha igeuzeni upande wa pili na mpige mstari mwingine kutokea nukta ile ile. Mistari ikilala pamoja, skwea ni ya kweli. Ikiachana, basi kosa mnaloliona ni maradufu ya kosa la skwea yenyewe. Nimeona skwea zinazong'aa, zenye jina kubwa kwenye boksi, zikishindwa jaribio hilo, na ya bei ndogo kando yake ikishinda.

Randa inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo zawadi inayofurahisha kuliko zote na ndiyo inayokosewa kuliko zote.

Mabinti wawili wa mwenzetu mmoja walitaka kumpa baba yao randa ya chuma. Mpya nzuri ilikuwa juu ya uwezo wao, na mpya ya bei rahisi waliyoiona ilikuwa na kisu kinachocheza hata baada ya kukazwa. Wakaenda kwa muuza vyuma vikuukuu, wakakuta randa iliyoliwa na kutu, umbo la namba 4, urefu wa kama sentimita 24 na kisu cha inchi mbili. Umbo hilo lilitokana na kazi ya Mmarekani Leonard Bailey, ambaye haki zake za ubunifu zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869, na tangu hapo viwanda vingi duniani vimelifuata. Ndiyo sababu randa kuukuu ya umbo hilo si mzigo wa vyuma: kisu cha inchi mbili cha kuiwekea kinapatikana bado, na skurubu zake zinafahamika.

Waliifungua kipande kwa kipande. Walitazama kwanza kama ina ufa karibu na mdomo, pale kisu kinapotokea, kwa kuwa chuma cha kuyeyushwa kikipasuka pale hakina dawa nyepesi. Haikuwa na ufa. Waliangalia kama kisu kimebaki na urefu wa kutosha, nacho kilikuwa nao. Vyuma wakavilaza ndani ya siki usiku kucha, asubuhi wakavisugua kwa brashi, wakavisuuza kwa maji yaliyotiwa magadi ya kuokea ili ukali wa siki uishe, wakavikausha juani papo hapo na kuvipaka mafuta ya cherehani. Uso wa chini wakausawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Baba yao alipoisukuma juu ya ubao wa mwembe, maranda yalitoka mfululizo, membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Aliwauliza mara mbili wameinunua wapi. Naomba mlizingatie hilo: pesa iliyotumika ilikuwa ndogo, ila mikono ya wanawe ilikuwa imepita juu ya kila skurubu ya zawadi ile.

Nimetaja kutu, na hapa Mombasa hatuwezi kuipita kutu hivi hivi. Tunakaa kisiwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na patasi iliyoachwa mezani jioni asubuhi huonyesha madoa. Maandiko mengi kuhusu vifaa huandikwa na watu wa nchi kavu na baridi, nao hawalitaji jambo hili kwa uzito tunaouhitaji sisi. Ndiyo maana nasema chupa ya mafuta mepesi ya mashine, kipande cha nta ya nyuki, kitambaa cha pamba na kisanduku chenye kifuniko kinachobana ni zawadi ya heshima kabisa katika mji huu. Mkoba wa kitambaa wa kufungia patasi ni mzuri, lakini ukiloa jasho na unyevu huwa ndio nyumba ya kutu, basi nao upakwe mafuta. Na yeyote anayewapa jamaa wa Kilindini au Likoni chombo cha chuma bila kitu cha kukilinda amempa nusu ya zawadi.

Niseme kidogo kuhusu mashine za umeme, hasa kwa wenye jamaa ng'ambo. Umeme wetu ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Msumeno wa umeme ulionunuliwa kule kwa upendo mkubwa, ukichomekwa hapa moja kwa moja, utaungua, na kibadilisha umeme cha kuubeba ni kizito na ghali. Waombeni walioko kule wawaletee patasi, visu vya randa, mawe ya kunolea, vitu visivyojali volti. Na kwa mashine za betri, ingieni kwanza kimya kimya mtazame betri alizonazo, kwa sababu betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine, na mtu aliye na chaja tatu za aina tatu ana taabu kuliko raha.

Kuna zawadi ambazo hazina fahari dukani lakini kila fundi humu atawaambia kwamba hazitoshi kamwe. Klampu, kwa mfano, vile vibanio vya kushikilia mbao. Nunueni jozi, maana moja peke yake haiunganishi ubao na ubao bila kuupinda. Mbao nazo: ubao mmoja mkavu wa mvule, au mwembe ambao ni rahisi kwa mkono unaojifunza, uliochaguliwa umenyooka na hauna ufa kichwani, humfurahisha mtu kuliko chombo cha tatu cha aina aliyonayo. Mpingo msimpe anayeanza. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na humaliza makali na moyo kwa pamoja.

Na kinga. Hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi, hasa mlio na watu wanaofanyia kazi ndani ya chumba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka unga wa mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Unga wa mvule, mti tunaoupenda, huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu. Leso iliyofungwa usoni haizuii unga ule mwembamba unaotokana na msasa. Barakoa ya kuchuja chembe ndogo, inayokaa sawasawa puani, na miwani ya kukinga macho ni vitu vya bei ndogo, na mara nyingi mtu hajinunulii mwenyewe. Basi mnunulieni ninyi. Ni nani anayestahili kumkumbusha pumzi yake kuliko anayelala naye nyumba moja?

Nimalizie na zawadi ambayo haifungwi katika karatasi. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa akitamani sana kuchonga yale maua ya milango ya Mji wa Kale, na kila mwezi alikuwa akionyesha nyumbani picha za seti za vyuma vya kuchongea. Mkewe hakununua seti. Alikwenda kwa mchongaji mmoja mzee, akamlipa ili mumewe akae naye asubuhi za Jumamosi kwa muda. Mzee akamwambia mwalimu aje na patasi moja tu.

Alichojifunza pale hakuna duka linalokiuza. Alijifunza kwamba mkono wa kulia unasukuma na wa kushoto unazuia, na kwamba kuzuia ndiko kunakochora. Alijifunza kuutazama ubao kabla ya kuugusa, ajue nyuzi zinalala wapi, ili asichonge kinyume chake jani zima likabanduka. Alijifunza kwamba bandu bandu huisha gogo, na kwamba patasi ikiwa kali mtu hana haja ya nyundo kwa kazi ndogo. Na baada ya hizo asubuhi, yeye mwenyewe alijua anachopungukiwa. Ilikuwa ni bobari moja, ile patasi yenye mdomo wa mviringo, ya upana fulani, kwa ajili ya mkunjo fulani wa jani. Mkewe akaitafuta hiyo hiyo, akampa siku ya Idi. Katika seti aliyokuwa akiitamani, bobari ya upana huo haikuwemo.

Kwa hiyo mnapotoka hapa, msianzie dukani. Anzieni karakanani mwake, hata kama karakana ni veranda na meza moja. Tazameni ni kitu gani ameanza na hakukimaliza: mbuzi ya kukunia nazi isiyokaa sawa, kiti kinachoyumba, sanduku lisilo na kifuniko. Tazameni patasi zake, kama ncha zake zinameremeta kwa mstari mweupe; ule mstari mweupe ni ubutu, kwa kuwa ncha kali hairudishi mwanga. Na muulizeni, katika mazungumzo ya kawaida, ni kitu gani huwa anakiazima kwa wenzake mara kwa mara. Atawatajia bila kujua kwamba mnauliza zawadi.

Wenye vyuma butu mlivyokuja navyo, pamoja na jamaa wanaotaka kujifunza kunoa ili wamsaidie mtu wao nyumbani, karibuni kwenye ile meza ya upande wa dirisha. Mawe yamekwisha kulowekwa, na wenzetu watatu watakaa pale hadi adhuhuri. Asanteni sana kwa kunisikiliza.